Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni: Wazigua wa Chogo wametushikia amana

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni Mzigua kwa mama na Mbondei kwa baba, na nyumbani kwetu tumelelewa kwa Kiswahili. Kizigua nakisikia kikisemwa, ila nikitaka kujibu ulimi unakimbilia Kiswahili. Nimelisema hili mapema ili ujue kwamba anayekuandikia ni mdaiwa, si mdai.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mzee mmoja wa Chogo, wilayani Handeni. Nilimkuta chini ya mwembe akitia mpini jembe. Kijana niliyefuatana naye, mzaliwa wa Handeni mjini, aliomba maji ya kunywa. Mzee akamwita mjukuu wake alete “mazi”. Tulipokwisha kunywa, akamgeukia kijana na kumuuliza jambo kwa Kizigua. Kijana akanitazama mimi, nami nikatazama kata. Ikabidi mjukuu, mtoto wa miaka tisa hivi, atutafsirie kwa Kiswahili cha shuleni: “Babu anauliza, ukoo wa mama yako ni upi?”

Mheshimiwa, mzee yule alizaliwa Somalia, bonde la Mto Juba. Baba yake alizaliwa hukohuko, na babu yake pia. Sisi wawili tuliozaliwa Tanga ndio tuliohitaji mkalimani.

Kisa cha Wazigua hawa wa Somalia huenda unakijua, lakini wasomaji wengine hawakijui. Katika karne ya 19, hasa njaa ilipoikumba Uzigua miaka ya 1830, watu wengi walichukuliwa kutoka pwani yetu na kuvushwa kwa majahazi hadi bandari za Benadir, pwani ya Somalia. Wengine walitekwa. Wengine, kama wazee wao wanavyosimulia, walidanganywa kwamba huko waendako kuna kazi na chakula, na kwamba watarudi. Waliishia kulima mashamba ya watu kando ya Mto Shebelle. Baadaye wengi walitoroka. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke aitwaye Wanakhucha kuwa ndiye aliyewaongoza. Nia ilikuwa kurudi kwao. Walishika njia ya kusini, wakafika misitu ya Juba, wakajenga vijiji, wakaweza kujilinda. Safari ikasimama hapo kwa zaidi ya miaka mia moja, ila jina la nyumbani halikusahauliwa.

Utawala wa Kiitalia nao uliwatumikisha kwa nguvu mashambani. Kisha, mwaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka, wakulima hawa wasio na koo za kuwapigania walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuporwa. Wengi walikimbilia kambi za Dadaab, Kenya. Wengine wakaendelea hadi Tanzania. Serikali yetu iliwapokea Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 ikawahamishia Chogo na kuwapa ardhi ya kulima. Baadaye wengi wakapewa uraia. Kwa hili nchi yetu inastahili pongezi, na wao wanazitoa bila kuombwa.

Tatizo langu linaanzia pale karatasi zilipokwisha kugongwa muhuri.

Somalia waliitwa *jareer*, watu wa nywele ngumu, na hilo lilikuwa tusi. Miaka ya 1990 wakaitwa Somali Bantu, jina lililokuzwa na watu wa misaada kambini. Huku kwetu nimesikia kwa masikio yangu, ndani ya basi, kondakta akimwambia mama mmoja aliyefunga kitenge kama mama yangu anavyofunga: “Msomali, sogea.” Mama yule alisogea. Kisha akamjibu kwa utulivu kwamba yeye ni Mzigua, na akamtajia ukoo wake. Kondakta akacheka. Alidhani anatania.

Watu hawa wamepachikwa majina kila walikopita. Wao wenyewe, kizazi hata kizazi, wamejiita Wazigua, ingawa wenyeji wa Juba walilivuruga jina hilo likawa Mushunguli. Kizigua chao kimeokota maneno ya Kisomali na ya Kiitalia njiani, kama nguo inavyookota kishona nguo. Lakini nguo ni ileile. Mzee wa Handeni na mzee wa Chogo wakikaa pamoja, mazungumzo yanakwenda hadi machweo.

Tunapozungumza kuhusu wahamiaji, kwa kawaida tunauliza watatugharimu nini: ardhi, ajira, nafasi za watoto shuleni. Ni maswali halali. Ila kwa Chogo tulisahau kuuliza wamekuja na nini. Wamekuja na lugha ambayo kwetu inawatoka vijana midomoni. Wamekuja na simulizi za biashara ya utumwa zinazosimuliwa na uzao wa waliouzwa, na kwa Kizigua. Bagamoyo tuna majengo ya historia hiyo. Chogo tuna sauti zake.

Najua kuna atakayesema naamsha ukabila. Naijua hofu hiyo na ninaiheshimu. Sensa zetu hazijauliza kabila tangu ile ya 1967, na Kiswahili kimetuunganisha kiasi kwamba majirani wanatutamani. Sitaki kukigusa. Hata watoto wa Chogo wanakisoma kwa bidii, maana ndicho kinachowatoa kwenye kuitwa wageni. Lakini Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kimesimama tangu miaka ya 1960 kikiwa na nyumba za jadi za makabila yetu, na sijapata kusikia kwamba nyumba ya Wahaya imegombana na ya Wazaramo. Taifa lililoweza kuhifadhi paa la msonge linaweza kuhifadhi na mazungumzo ya waliolala chini yake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nina maombi matatu.

La kwanza, Wizara iagize Makumbusho ya Taifa ipeleke watu Chogo wakiwa na vinasa sauti na subira. Wawarekodi wazee wakisimulia safari, nyimbo, ngoma, dawa na majina ya koo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanaisimu waliokwisha kuzichora lugha za Tanzania kwenye atlasi. Hawa wapewe nafasi ya kukaa na wazungumzaji wa Kizigua cha Juba kabla hakijamezwa. Nchi yetu imeridhia Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, na kazi hii imo ndani ya ahadi hiyo.

La pili, kisa cha Wazigua wa Juba kiingie kwenye vitabu vya historia vya shule. Mwanafunzi wa Tanga anasoma kwamba watumwa walipelekwa Zanzibar, Uarabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi. Ajue pia kwamba kuna waliopelekwa Somalia, wakajikomboa wenyewe, na kwamba wajukuu zao wanalima mahindi saa chache kutoka shuleni kwake.

La tatu, tusiwasahau waliovuka bahari nyingine. Marekani ilikubali mwaka 1999 kuwapokea takribani 12,000 kutoka kambi za Kenya, na leo familia za Kizigua zinaishi hadi Lewiston, katika jimbo la Maine, kwenye theluji. Balozi zetu zinaweza kuwaalika walete rekodi zao, picha zao, na wao wenyewe waje kuiona Handeni.

Haya yote yana muda wake. Aliyekuwa na miaka 30 vita vya Somalia vilipoanza, leo ana zaidi ya 60. Yeye ndiye aliyewasikia wazee waliozaliwa karibu na zama za kutoroka. Akiondoka, mjukuu wake atabaki na Kiswahili safi na kitambulisho cha taifa, na atakapoulizwa kwa nini anaitwa Msomali hatakuwa na kisa cha kujibu.

Nilipotoka Chogo nilimpigia mama simu nikamuuliza ukoo wake. Alinyamaza kidogo, akasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo tangu aolewe. Kisha akanitajia. Jibu hilo nitampelekea mzee mwenyewe, kwa Kizigua changu cha kigugumizi.

Mheshimiwa Waziri, mabasi ya Handeni yanaondoka Tanga kila siku. Tuma watu wako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi wa Tanga, Mzigua kwa mama