Kocha akihama, ahadi yake hubaki na nani?

Kwa wengi wetu hapa Pwani, kocha kupigwa kalamu ni habari ya mpira wa miguu. Timu ikifungwa mechi tatu mfululizo, barazani watu wanaanza kuhesabu siku za kocha. Leo naomba tutazame upande mwingine, mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani. Kila mwaka ifikapo Machi na Aprili makocha wa huko hupishana milangoni, na sasa lawama wanatupiwa wachezaji. Mimi naona lawama hiyo imekosa mwenyewe.

Tuchukue mwaka 2024. Mwezi Machi chuo kikuu cha SMU, kilichoko Dallas, kilimfuta kazi kocha wake Rob Lanier. Nafasi yake ikajazwa na Andy Enfield, aliyetolewa USC ya Los Angeles. USC nayo ikamchukua Eric Musselman kutoka Arkansas. Arkansas ikabaki bila kocha, ikamvuta John Calipari kutoka Kentucky. Kentucky ikamwita nyumbani Mark Pope, aliyekuwa BYU kule Utah na ambaye zamani alikuwa nahodha wa Kentucky ilipotwaa ubingwa wa 1996. BYU haikumchukua kocha wa chuo kingine, ikamwajiri Kevin Young, msaidizi wa kocha katika timu ya Phoenix Suns ya NBA. Haya yote yalimalizika kabla ya mwezi mmoja kutimia. Alifukuzwa mtu mmoja Texas, na vyuo vitano vikajikuta na makocha wapya.

Katika mlolongo huo, kisa cha Calipari ndicho chenye mafunzo zaidi. Kentucky ina mataji 8 ya taifa na mashabiki wake hawakubali udhuru. Calipari alifika 2009, akatwaa ubingwa 2012, na kwa miaka mingi alisifiwa kwa kuwapeleka vijana NBA baada ya msimu mmoja tu chuoni. Baadaye mambo yakaharibika. Mwaka 2022 timu yake ilitolewa katika mechi ya kwanza ya mashindano ya taifa na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City. Machi 2024 ikatolewa tena mechi ya kwanza, mara hii na Oakland ya Michigan, pointi 80 kwa 76.

Mashabiki walitaka aondoke usiku uleule. Lakini mkataba wake ulisema chuo kikimfukuza kitamlipa zaidi ya dola milioni 33, na Kentucky ikaona afadhali imvumilie. Wiki chache baadaye akaondoka mwenyewe kwenda Arkansas, na chuo kikapumua. Hapo ndipo utajua kwamba kocha kubaki si lazima iwe dalili ya kuaminiwa. Wakati mwingine ni kwamba bei ya kumtoa imemshinda mwajiri.

Na aliyemfunga alikuwa nani? Ni Greg Kampe, aliyeanza kuifundisha Oakland mwaka 1984. Huo ulikuwa msimu wake wa 40 katika chuo kilekile. Kocha ambaye hakuhama ndiye aliyemfanya kocha wa mamilioni afungashe virago.

Sasa tuje kwa wachezaji, maana hapo ndipo kelele zilipo. Kwa miaka mingi sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zilikuwa na upendeleo wa wazi. Kocha angeweza kuahidi mbele ya wazazi kwamba atamlea kijana wao miaka minne, kisha mwezi ujao akasaini mkataba na chuo kingine na kuanza kazi mara moja. Kijana aliyeachwa naye akitaka kuhama, ilimbidi akae nje msimu mzima bila kucheza. Mkubwa alikuwa huru na mdogo amefungwa.

Mambo yalibadilika 2021. Wachezaji waliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na kufikia 2024 kikomo hicho cha mara moja kikaondolewa kwa wanaofanya vizuri darasani. Julai 2021 pia waliruhusiwa kuingiza pesa kwa jina na sura zao, yaani matangazo na mikataba ya biashara. Kisha tarehe 6 Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza, kwa michezo yote kwa jumla.

Matokeo yalionekana mapema. Pope alipofika Kentucky alikuta makabati matupu. Katika wachezaji wenye ufadhili wa masomo waliocheza msimu uliotangulia, hakubaki hata mmoja. Wengine walikwenda NBA, wengine vyuo vingine, na baadhi, kama D.J. Wagner na Adou Thiero, wakamfuata Calipari Arkansas. Vijana waliokuwa wameahidi kujiunga na Kentucky, miongoni mwao Boogie Fland na Karter Knox, nao wakageuza njia. Pope alikusanya timu nzima upya kiangazi kile.

Atakayetetea mtindo huu ana hoja, tusimnyime haki yake. Machi 2025 Kentucky ya Pope, Arkansas ya Calipari na BYU ya Young zote zilifika 16 bora. Kwa hiyo walioajiri walipata walichokitaka, na haraka. Lakini hesabu hiyo ni ya wakuu wa vyuo. Haimhesabu kijana wa akiba aliyemchagua kocha aliyeondoka, ambaye kocha mpya hamhitaji na hakuna chuo kikubwa kinachompigia simu. Huyo jina lake haliandikwi popote.

Wapo wanaosema kwamba pesa na uhuru wa wachezaji ndivyo vilivyowafukuza makocha wa zamani. Orodha yao ni ndefu kweli. Roy Williams wa North Carolina alistaafu 2021. Mike Krzyzewski wa Duke na Jay Wright wa Villanova wakafuata 2022. Jim Boeheim aliondoka Syracuse 2023 baada ya misimu 47. Wengine katika hawa umri ulikuwa umefika, tusiwabebeshe sababu zisizo zao. Lakini Tony Bennett wa Virginia alisema waziwazi. Oktoba 2024, zikiwa zimebaki kama wiki tatu msimu uanze, alijiuzulu akiwa na umri wa miaka 55 akieleza kwamba hafai tena kuongoza katika mazingira haya mapya. Desemba mwaka huohuo Jim Larrañaga wa Miami naye akaachia ngazi katikati ya msimu, miaka miwili tu tangu aifikishe timu yake nne bora.

Bennett hakuwa mtu wa kukimbia shida. Mwaka 2018 Virginia yake, iliyokuwa ya kwanza katika viwango vya taifa, ilifungwa 74 kwa 54 na UMBC, chuo ambacho wengi hawakuwahi kukisikia. Ilikuwa mara ya kwanza katika mashindano ya wanaume kwa timu iliyopangwa namba 1 kutolewa na iliyopangwa namba 16. Chuo hakikumfukuza. Mwaka uliofuata, 2019, alileta ubingwa wa taifa. Na tazameni mambo ya Mungu: mwaka 2025 Virginia ilipotafuta kocha mpya ilimwajiri Ryan Odom, yuleyule aliyekuwa kocha wa UMBC usiku ule.

Subira ya namna hiyo ndiyo inayopungua. John Wooden alianza kuifundisha UCLA mwaka 1948 na hakupata taji la taifa hadi 1964. Kuanzia hilo la kwanza alipata 10 katika misimu 12. Krzyzewski alipoanza Duke 1980, misimu yake mitatu ya kwanza alifungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda, na taji la kwanza likaja 1991. Hebu fikirini leo ni chuo gani kikubwa kitamsubiri kocha miaka 11, sembuse 16.

Na subira hiyo haikuzaa vikombe pekee. Mmoja wa vijana wa Wooden aliitwa Lew Alcindor, ambaye baada ya kusilimu dunia ilimjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Walitofautiana rangi, dini na umri, lakini urafiki wao ulidumu zaidi ya miaka 40, hadi Wooden alipofariki 2010. Malezi ya aina hiyo hayapatikani kwa kocha ambaye masanduku yake hayajawahi kufunguliwa yote.

Lakini siulilii utaratibu wa zamani. Ulikuwa na dhuluma ndani yake. Katika majimbo mengi ya Marekani mfanyakazi wa umma anayelipwa zaidi ni kocha wa chuo, si gavana wala daktari, na mchezaji aliyejaza ukumbi angeweza kuadhibiwa kwa kupokea zawadi ndogo. Mchezaji kulipwa na kuhama ni haki iliyochelewa. Makocha ndio waliotangulia kuhama, na watoto wamejifunza kwa walimu wao. Ukitaka mchezaji atulie, anza kwa kumfunga kocha kwa ahadi yake, maana ahadi ni deni.

Haya yanatuhusu vipi? Vijana wa ukanda wetu wanakwenda huko. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, alicheza msimu mmoja Duke na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10 kuingia NBA. Mombasa nayo si ngeni kwa mchezo huu, mabinti wa KPA wameufanya jina kwa miaka mingi. Ukimwona kijana wa kimo kirefu akirusha mpira jioni, ujue kuna mzazi anayeota ufadhili.

Kwa mzazi huyo nina machache. Ufadhili hutolewa na chuo, si kocha, hata kama kocha ndiye anayekupigia simu kila wiki. Uliza kama ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote ya masomo, na jibu liwe kwa maandishi. Uliza kocha ana mkataba hadi lini na akiondoka kijana wako anabaki na nini. Kumbuka pia kwamba karatasi za uhamiaji za mwanafunzi hutolewa na chuo anachosoma. Akihama chuo nazo lazima zihamishwe, na masomo aliyokwisha kufanya huenda yasikubaliwe yote kule aendako. Na hizo pesa za matangazo zinazosifiwa, viza ya mwanafunzi humbana mgeni asizichukue kwa urahisi kama mwenzake Mmarekani.

La mwisho, chagueni chuo ambacho kijana wenu angekubali kusoma hata kama kocha angeondoka siku ya pili. Siku hizi jambo hilo si la kufikirika tu. Kocha akifukuzwa na mkataba mzuri mkononi, hulipwa mamilioni. Kijana aliyeachwa nyuma analo darasa lake tu, na hilo ndilo la kulihakikisha kabla hajapanda ndege.