Mustang Haiji Kisauni, Lakini 504 Iko Hapo Nyuma ya Gereji

Wanangu, tuseme ukweli. Usiku nusu ya mayuthi wa Likoni, Changamwe na Kisauni wako kwenye simu wakitazama Wamarekani wakifufua magari ya kitambo. Mustang inatolewa ghalani, kutu tupu, panya wamejenga ndani. Dakika ishirini baadaye inanguruma, rangi inang'aa, jamaa anaifutafuta kama mtoto. Na mimi nimo, bando langu lote linaishia huko.

Asubuhi tunapita gereji ya mtaani, kuna pikapu ya Peugeot 504 imekalia matofali, na hatuioni. Tukiiona tunaiita skrepa. Hapo ndipo nina neno.

Kwanza tumalize hii ndoto. Mustang ya 1967 haiji. Sheria ya Kenya hairuhusu mtu wa kawaida kuingiza gari lililopita miaka 8, na usukani wa kushoto nao ni marufuku isipokuwa kwa magari ya kazi maalum. Hiyo Mustang ina usukani wa kushoto na umri wa babu yako. Kila wiki meli zinashusha magari Kilindini, na hutaiona ikishuka. Basi ukingoja Mustang ndio uanze kujifunza kazi ya magari, utangoja hadi upate mvi.

Lakini hebu tuulize hao Wamarekani walianzaje. Watu wanadhani huu ni mchezo wa matajiri. Sivyo kabisa. Ford Model T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15, na ilipofika miaka ya thelathini ilikuwa mtumba wa bei rahisi. Vijana wa California wasio na pesa wakazinunua, wakang'oa madigadi ziwe nyepesi, wakachezea injini, wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka jangwani. Mwaka 1937 vilabu vyao vikaungana vikaunda chama, wakaweka kanuni na vipimo vya mwendo. Yaani ilikuwa jua kali, tena jua kali ya jangwani!

Kisha kuna hadithi ya lowrider, na hii nataka masela wa Kisauni waisikie vizuri. Vijana wa Los Angeles wenye asili ya Mexico walikuwa wanashusha magari yao, hasa Chevrolet, yatembee polepole karibu yabusu lami. Polisi wakawaona wahuni. Kuanzia 1958 sheria ya California ikakataza gari ambalo sehemu yake imeshuka chini ya rimu. Jamaa walifanyaje? Mwaka 1959 kijana mmoja, Ron Aguirre, akafunga pampu za haidroliki zilizotolewa kwenye ndege za mtumba. Polisi akitokea, unabonyeza, gari linapanda. Akipita, unashusha. Sheria iliwabana, wao wakajibu kwa ufundi. Na unajua nini? Mwaka 2024 California yenyewe ilifuta sheria za kuwabana. Leo magari yale yanaitwa utamaduni.

Sasa sisi Kisauni ikitajwa kwenye habari ni panga. Likoni ni feri na msongamano. Hakuna anayekuja kuuliza kijana gani ameshusha injini peke yake na akairudisha ikawaka. Uhuni unatangazwa bure, lakini ufundi lazima uutangaze mwenyewe.

Na tusidanganyane kwamba hatuna magari yenye historia. Mwaka 1964 Wamarekani walileta timu nzima ya Mercury Comet kwenye Safari Rally. Barabara zetu ziliwatoa jasho, na aliyeshinda alikuwa na Ford Cortina ndogo tu. Peugeot 404 ilishinda 1963, ikarudi ikashinda 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 ikachukua 1975 na 1978. Shekhar Mehta, Mkenya, alishinda mara nne mfululizo na Datsun, 1979 hadi 1982. Hayo ndiyo magari tunayofugia kuku. Tena 504 zilikuwa zikiunganishwa hapa hapa Kenya hadi miaka ya 2000, na hadi leo pale Miritini kuna kiwanda cha AVA kinachounganisha magari. Mikono ya watu wa huku inajua kazi hii.

Sasa tuongee kazi yenyewe, maana kufufua gari Mombasa si sawa na kufufua gari Nakuru. Adui yetu ni chumvi. Upepo wa bahari unakula bati kuanzia chini: sakafu, vizingiti vya milango, pembe zote ambapo maji yanatuama. Na hapo ndipo mchezo mchafu unapoanza. Fundi anapaka putti juu ya kutu, anapiga msasa, anapuliza rangi, picha inapendeza Instagram. Masika ikipita, rangi inafura kama andazi. Hiyo si kufufua, hiyo ni kumpaka maiti poda.

Kazi sahihi inachosha. Unakata hadi ufikie chuma kizima. Unachomelea bati jipya. Unapiga praima ndani na nje, unatoboa vijitundu maji yatoke, putti inakuwa nyembamba ya kusawazisha tu, rangi inakuja mwisho. Ukibadilisha injini, kwa mfano ukaweka ya Toyota ndani ya 504 kwa sababu spea zake zinapatikana, unakwenda NTSA kubadilisha logibuku. Usipofanya hivyo, siku ya ajali bima inaweza kukuruka. Na tafadhali, injini ikiongezeka nguvu, breki ziongezeke pia. Gari linalokimbia lisiloweza kusimama ni jeneza lenye muziki.

Najua mtasema: gari la kitambo linakula mafuta, linatoa moshi, litakuaibisha katikati ya daraja la Nyali. Kweli. Sisemi uliendeshe kila siku kwenda kazini. Nasema arusi zetu kila wikendi ni msafara wa Prado zinazofanana mpaka bwana arusi mwenyewe anapotea. Hebu fikiria 504 nyeupe iliyonyooshwa vizuri inamleta bibi arusi Mtopanga. Fikiria video za muziki, watalii Diani, matangazo. Kazi ipo. Kule Havana, mji wa bahari na chumvi kama wetu, Chevrolet za kabla ya mapinduzi ya 1959 bado zinabeba abiria, nyingi zikiwa na injini za dizeli za makabila mengine. Wacuba hawakuwa na spea wala pesa. Walikuwa na mafundi waliokataa kusema haiwezekani.

Shida yetu kubwa ni dharau. Mimi nimeacha chuo, na kila nikipiga picha gereji kuna mtu wa kusema, "Ona mwisho wa kuacha shule." Kwa hiyo fundi ni mwisho? Mtu anayesikiliza injini akajua vali gani inavuja, huyo ndiye aliyefeli? Dharau hii inafanya mzee wa gereji afe na ujuzi wake, kwa sababu mwanawe aliambiwa mikono yenye grisi ni laana.

Na nyinyi wazee wa gereji, kwa heshima zote, na nyinyi mna lenu. Kijana wa spana anashinda juani miaka mitatu, malipo yake chai na chapati, na mwisho hana hata karatasi. NITA ina mitihani ya ufundi, Gredi 3 hadi Gredi 1. Mpelekeni akafanye. Aondoke kwako akiwa na cheti, asiondoke na majeraha ya kuchomelea peke yake.

Kwa mwenye gari nyuma ya nyumba: kabla hujamuita mtu wa mizani, jua kwamba skrepa inalipwa kwa kilo. Mizani haijui 504 na sufuria. Ukishauza limeyeyushwa, na hakuna meli itakayokuletea jingine, maana umri wake haupiti sheria. Kila moja linalokatwa ni moja limepungua milele.

Na sisi mayuthi? Tazama video zako, sikatazi. Lakini Jumamosi moja nenda gereji iliyo karibu, salimia vizuri, omba kushika spana. Anza na kabureta: ifungue, ioshe, irudishe. Ikiwaka, utaelewa kwa nini wale jamaa wa California walikesha. Wao walianza na mtumba ambao hakuna aliyeutaka. Wetu uko pale, umekalia matofali.