Siku ya saba kando ya Luvua: nani anapumzika?

Habari nyingi zinazotoka teritwari ya Manono ni za litiamu. Kampuni ya Zijin kutoka China ilitangaza kwamba itaanza kuzalisha mwaka 2026. Kampuni ya AVZ ya Australia imegombea kibali chake mbele ya mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa. Julai 2025 Wamarekani wa KoBold nao walitia sahihi makubaliano na serikali yetu ya Kinshasa. Wachambuzi wanazungumzia tani, asilimia za hisa na barabara. Habari ya mwili wa mtu atakayefanya kazi hiyo, na ya mwili wa mama atakayempikia, haisikiki sana.

Tuitazame habari hiyo kutoka Kiambi. Kiambi iko mashariki ya mji wa Manono, kando ya mto Luvua, ule unaotoka ziwa Moero pale Pweto na kuungana na Lualaba pale Ankoro. Vyombo vya mtoni vinaweza kupanda kutoka Ankoro mpaka Kiambi, halafu maporomoko yanaanza. Huko juu ndiko Piana Mwanga, bwawa la umeme lililojengwa miaka ya 1930 ili kuwashia migodi ya bati ya Géomines. Basi kazi ya kisasa si mgeni kwetu. Babu zetu waliishi kwa king'ora cha kampuni, na walijua maana ya kuhesabiwa saa. Kilichobadilika ni kwamba leo wengi wetu hatuna kampuni, hatuna king'ora, wala hatuna mtu wa kutuambia sasa tosha.

Simu za vijana wetu zimejaa mashauri ya namna ya kufanya kazi sana na kubaki na afya: amka saa kumi na moja, andika orodha ya mambo ya leo, kunywa maji, nyoosha mgongo kila saa moja. Mashauri hayo yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyeketi kwenye kiti mbele ya kompyuta. Mama wa Kiambi ameamka kabla ya saa hiyo na tayari ana bidoni ya lita 20 kichwani. Mgongo wake umenyooka kwa lazima. Kwake, swali la kuzalisha na kubaki mzima linaanzia pengine.

Linaanzia kwenye malaria. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba karibu asilimia 12 ya wagonjwa wote wa malaria duniani wako Kongo. Ni Nigeria tu inayotupita. Sisi tumezoea kuiita homa na kuendelea. Lakini tazama kalenda. Mvua zetu zinaanza karibu Oktoba na kwisha karibu Aprili. Ni miezi hiyo hiyo ya kulima, kupanda na kupalilia, na ni miezi hiyo hiyo mbu wanazaliwa kwa wingi. Mtu akilala siku tano mwezi wa Julai, hasara yake ni ndogo. Akilala siku tano Desemba wakati majani yanashindana na mahindi, hasara ataiona Machi. Mara nyingi si yeye peke yake: mtoto akiugua, mama yake anaacha jembe ili amwuguze, na shamba linakosa mikono miwili kwa homa ya mtu mmoja. Mtu aliyesikia homa akangoja juma zima kwa sababu ana kazi nyingi, amepoteza kazi nyingi kuliko yule aliyekwenda kupimwa siku ya kwanza. Na chandarua kilichogeuzwa kuwa wavu wa dagaa kimeleta mboga ya siku chache tu. (Nasema hivi nikijua kwamba njaa ya leo inasema kwa sauti kubwa kuliko homa ya kesho. Sitaki kumhukumu mvuvi.)

Kuna pia ugonjwa usiomlaza mtu, unaomwibia nguvu kidogo kidogo: kichocho. Unaingia kupitia ngozi ya mtu anayesimama majini, na nani asimamaye majini kuliko mama anayefua, kijana anayevua, na wale wanaoosha mchanga wa kasiterite na koltani? Mwenye kichocho anachoka, anaona damu katika mkojo au choo, na jirani zake wanasema siku hizi amekuwa mvivu. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na haina urefu wa matibabu. Kabla ya kuhubiri juu ya uvivu kwa Mithali na yule chungu wake, ingefaa tuulize kwanza kama kijana huyo amepimwa.

Sasa tufike machimboni. Kanuni za madini za nchi yetu zinamkataza mchimbaji mdogo kushuka zaidi ya mita 30. Tena tangu mwaka 2012, machimbo yanayokutwa na watoto au wanawake wajawazito wakifanya kazi yanaweza kupewa alama nyekundu, na madini yake yasiuzwe kihalali. Hizo ni kanuni nzuri. Lakini kanuni haimwambii mchimbaji apumzike lini, na kwa kawaida anayeamua jambo hilo ni deni. Mnunuzi au mwenye shimo anatanguliza unga, mafuta, tochi na vyombo. Kijana anashuka akiwa tayari anadaiwa. Siku asiyoshuka deni halishuki, ila tumbo linaendelea kula. Ndiyo maana anachimba akiwa na homa, anachimba Jumapili, na wengine wanatafuta nguvu katika lotoko au katika vidonge vya tramadoli. Vidonge hivyo vinaficha maumivu ya mgongo mpaka mgongo wenyewe umeharibika. Kumwambia mtu huyo apange muda wake vizuri ni kama kumwambia samaki aliye katika wavu aogelee kwa utaratibu.

Je, kazi bila kupumzika inaleta mali zaidi? Swali hili lilijibiwa zamani, tena na watu waliokuwa na haraka kuliko sisi. Mwaka 1915, katikati ya vita kuu, viwanda vya Uingereza vilikuwa vinatengeneza mabomu mchana na usiku, Jumapili ikiwemo. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi hao, wengi wao wanawake. Taarifa ya kwanza kabisa ya kamati hiyo ilihusu kazi ya Jumapili. Waliona kwamba siku saba za kazi hazikuwa zikitoa mazao ya siku saba: watu walichoka, waliugua, waliharibu vitu. Saa zilipopunguzwa, mazao hayakupungua kama wakubwa walivyoogopa, na mahali pengine yaliongezeka. Kumbuka kwamba waliofanya hesabu hiyo walikuwa watu wa serikali wanaotaka mabomu mengi, wala hawakuwa wachungaji wanaotaka kujaza makanisa.

Miaka mia moja baadaye hesabu nyingine ilitoka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wa pamoja: mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma anaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 mpaka 40. Kwa mwaka 2016 pekee walihesabu vifo 745,000 duniani vilivyotokana na saa ndefu za kazi. Sheria ya Kazi ya Kongo, ile ya Oktoba 2002, inaweka mpaka wa saa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Kijana wetu atakayeandikwa na kampuni ya litiamu, au na mkandarasi aliye chini yake, anapaswa kuijua namba hiyo kabla ya kutia sahihi. Aulize pia siku yake ya kupumzika ni ipi, vumbi litazuiwa kwa nini, na akiumia atatibiwa wapi na kwa fedha ya nani. Katika kila kusanyiko letu yuko mwalimu au mwanafunzi anayesoma Kifaransa vizuri. Kusoma mkataba pamoja na kijana kabla hajausaini ni huduma ya jioni moja.

Lakini mikataba itawafikia wachache. Walio wengi watabaki na jembe, mtumbwi, baiskeli ya mizigo na sufuria. Kwao siku ya kupumzika hailindwi na mkaguzi wa kazi. Kama kuna mtu wa kuilinda, ni kanisa.

Tunaposoma amri ya Sabato, wengi tunasimama kwenye Kutoka 20, ambako sababu ni kwamba Mungu alipumzika baada ya uumbaji. Kumbukumbu la Torati 5 inatoa sababu nyingine: mlikuwa watumwa Misri. Na inataja kwa majina nani apumzike, mwana, binti, mtumwa wa kiume, mtumwa wa kike, ng'ombe, punda, mgeni, ili mtumishi apumzike sawasawa na bwana wake. Maneno hayo yanauma ukiyapeleka nyumbani siku ya Jumapili. Baba anarudi ibadani na kuketi chini ya mwembe. Mama anarudi ibadani na kuanza kutwanga. Binti yake ameshatumwa mtoni. Asubuhi yake walifagia kanisa, waliimba katika kwaya, na kama kuna mgeni kutoka Manono au Kalemie, wamama ndio walioamka usiku kutafuta kuku na kusonga bugali. Kwa mama huyo Jumapili ndiyo siku ya kazi nyingi kuliko zote. Jumatatu anarudi shambani bila kuwa amepumzika hata saa mbili.

Naona hapa ndipo penye shida kubwa kuliko machimboni, kwa sababu hapa hakuna mnunuzi wa kulaumiwa. Ibada ya saa tano, ikifuatwa na mkutano wa kamati, ikifuatwa na mazoezi ya kwaya, inapendeza sana kwa yule asiyepika. Baraza la wazee linaweza kuamua mambo madogo yasiyohitaji fedha ya mtu yeyote. Maji ya Jumapili yachotwe Jumamosi, na vijana wa kiume wayachote. Tumezoea Salongo ya Jumamosi kwa ajili ya barabara na mifereji. Bidoni nazo zinaweza kuingia katika Salongo. Mgeni wa kanisa ale chakula kilichopikwa jana. Mikutano ihamie siku nyingine. Makusanyiko yakifanya hivyo hata Jumapili moja kwa mwezi, wamama watajua kama amri ya nne inawahusu.

Habari ya watumishi wenyewe nayo isifichwe. Wengi wa wachungaji wa vijijini hawana mshahara wa kutosha: wanalima kama wengine, wanatembelea wagonjwa kwa miguu au baiskeli, wanazika, wanapatanisha, wanaamshwa usiku. Tangu vita vya Wabatwa na Waluba, ambavyo kufikia mwaka 2017 vilikuwa vimewakimbiza watu zaidi ya 500,000 katika jimbo letu la Tanganyika, kazi ya kusikiliza majonzi imekuwa nzito, na kuna watu ambao usingizi wao haujarudi vizuri mpaka leo. Katika Kutoka 18, Yethro alipomwona Musa akiketi kuamua mashauri kutoka asubuhi mpaka jioni, alimwambia wazi kwamba atajichosha yeye na watu wake pia, akamwelekeza kugawa kazi. Na Eliya, alipoomba afe chini ya mti katika 1 Wafalme 19, hakupewa mahubiri kwanza. Alilala, akaamshwa akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akala mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye, huko Horebu. Mchungaji anayeona aibu kusema nimechoka asome sura hiyo pamoja na wazee wake.

Limebaki swali la fedha ya ugonjwa, maana hata aliyeamua kwenda kupimwa mapema anasimama mlangoni mwa kituo cha afya akijiuliza atalipa nini. Hapa wamama wametutangulia. Vikundi vya akiba tunavyoviita AVEC, ambavyo mfano wake ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, vina visanduku viwili: kimoja cha akiba na mikopo, kingine cha kusaidiana. Kile cha pili kinajazwa na mchango mdogo sana kila mkutano, na kinatolewa kwa ajili ya msiba au ugonjwa bila riba. Kikundi kinaweza kukubaliana kwamba kuanzia Oktoba mpaka Aprili sanduku hilo litangulize gharama ya kipimo na dawa ya malaria siku hiyo hiyo homa inapoanza, kwa mwanachama na watoto wake, na arudishe baada ya mavuno. Wachimbaji hawana vikundi vya namna hii mara nyingi, kwa kuwa wanahamahama, na deni lao kwa mwenye shimo linachukua nafasi ya akiba. Mahali ambapo wachimbaji watano au sita wanasali katika kusanyiko moja, mzee mmoja anaweza kuwakalisha na kuanza nao sanduku lao wenyewe kwa ajili ya unga wa juma la kwanza, ili safari ijayo washuke shimoni bila kudaiwa.