Khaman Maluach anaingia NBA: njia ya Hasheem Thabeet inatuambia nini

Mwezi Oktoba 2025 ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, NBA, ilianza msimu mpya, na safari hiyo kulikuwa na kijana wa Afrika Mashariki wa kumfuatilia tangu siku ya kwanza. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala, alianza na jezi ya Phoenix Suns. Alikuwa na miaka 19, urefu wa mita 2.18, na mwaka mmoja tu wa chuo, Chuo Kikuu cha Duke. Usiku wa Juni 25, 2025, jijini New York, jina lake lilisomwa la 10 katika drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu za NBA huchagua vijana kwa zamu. Akiwa mbele ya kamera alishindwa kuzuia machozi.

Tangu usiku huo, kila tunapofungua simu kwenye kipindi cha michezo, awe mpigaji wa Mikumi, wa Ruaha au wa Kilosa mjini, swali halikosekani: "Huyu naye si ataishia kama Thabeet?"

Ni swali la haki. Ila wengi wanaouliza wanakumbuka mwisho wa Thabeet tu, na mwanzo wake wameusahau.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka kama 15, umri ambao vijana wengi wa Marekani wanaolenga ligi ya kulipwa tayari wana miaka saba au minane uwanjani. Alikwenda Marekani kumalizia sekondari, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Alikaa pale misimu mitatu. Katika msimu wa mwisho wastani wake kwa mchezo ulikuwa pointi 13.6, ribaundi 10.8, na mitupo 4.2 ya wapinzani aliyoizuia kwa mkono wake. Mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, alitajwa mlinzi bora wa ukanda wa Big East, uliokuwa miongoni mwa kanda ngumu kabisa za vyuo. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa.

Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili, na akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Walioitwa baada yake ni pamoja na James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Hapo ndipo kejeli zilipoanzia, kwa sababu kila Curry alipotwaa ubingwa, mtu fulani mahali fulani alikumbusha nani aliitwa kabla yake.

Msimu wa kwanza Thabeet alicheza wastani wa dakika 13 kwa mchezo. Februari 2010 Memphis walimpeleka kwa muda ligi ndogo, timu ya Dakota Wizards, na hadi wakati huo hapakuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile katika drafti aliyewahi kushushwa huko. Mwaka mmoja baadaye akauzwa Houston, Machi 2012 akapelekwa Portland, kisha akacheza misimu miwili Oklahoma City. Mwaka 2014 NBA ikawa imekwisha kwake: michezo 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Baadaye alicheza Japani na Taiwan, na akajaribu tena kupitia ligi ndogo ya Marekani.

Wengine hufunga hesabu hapo: alishindwa. Mimi sikubaliani, na si kwa sababu ni Mtanzania mwenzangu. Tuangalie nafasi zenyewe. NBA ina timu 30, kila moja na wachezaji 15 wa mikataba kamili, jumla 450. Vyuo vinavyoshindana daraja la kwanza Marekani ni zaidi ya 350, vyenye wachezaji zaidi ya 4,500 kila mwaka, na bado hujahesabu Ulaya, Australia na kwingineko. Kijana aliyeanza kudunda mpira akiwa na miaka 15 akakaa ndani ya wale 450 kwa misimu mitano amefanya kazi kubwa. Kilichomponza ni ile namba mbili, kwa sababu ilimwekea matarajio ambayo mchezo wake haukuwa tayari kuyabeba.

Kulikuwa na mambo mengine mawili ambayo yeye hakuwa na uwezo nayo. La kwanza ni Marc Gasol. Memphis walikuwa tayari na senta, na Gasol huyo mwaka 2013 alitangazwa mlinzi bora wa ligi nzima. Kijana anayejifunza kazi anahitaji dakika za kukosea uwanjani, na pale dakika zilikuwa na mwenyewe.

La pili ni kwamba mchezo wenyewe ulibadilika. Thabeet alifundishwa kusimama chini ya pete na kuwasubiri wafungaji waje. Miaka michache baadaye timu zilianza kurusha mitupo ya pointi tatu kwa wingi, na anayetajwa zaidi katika mabadiliko hayo ni huyohuyo Curry aliyeitwa nafasi tano nyuma yake. Senta akalazimika kutoka nje, mita saba kutoka kwenye pete, kumkaba mchezaji mfupi mwenye mbio. Kwa mtu wa mita 2.21 aliyechelewa kuanza, huo ni mtihani mgumu kuliko tunavyoweza kuuona kwenye televisheni.

Maluach ana nini ambacho Thabeet hakuwa nacho?

Familia yake ilikimbia vita akiwa mdogo, wakaenda Uganda, na kikapu alikianza huko akiwa na miaka 13. Ukipima kwa umri, ni tofauti ya miaka miwili tu na Thabeet. Tofauti kubwa ni kilichofuata. Alichukuliwa na kituo cha NBA kilichopo Saly, Senegal, ambako vijana wanaishi, wanasoma na wanafundishwa kikapu kila siku. Akacheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, mashindano yaliyoanza Kigali mwaka 2021, kwa misimu mitatu na timu tatu tofauti, ya mwisho ikiwa City Oilers ya Uganda mwaka 2024. Huko alikuwa akikabana na wanaume wenye familia zao. Kombe la Dunia la 2023 alikuwa na timu ya taifa ya Sudan Kusini akiwa bado na miaka 16, na Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na 17. Siku chache kabla ya Paris, jijini London, Sudan Kusini iliipeleka Marekani hadi sekunde za mwisho ikafungwa 101 kwa 100.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwapo Dar es Salaam wakati Thabeet ana miaka 16. BAL haikuwapo, wala kituo cha Saly. Kwa hiyo mtu akiniambia Maluach ana kipaji kuliko Thabeet, namjibu kwamba sijui tunapimaje hilo. Tunachoweza kupima ni miaka ya kufundishwa.

Duke alikuwa na wastani wa pointi 8.6 na ribaundi 6.6 kwa dakika kama 21. Si namba za kutisha, na Thabeet alikuwa na kubwa zaidi. Lakini kuna takwimu moja ambayo wachunguzi wa timu huitazama sana: mitupo huru aliifunga kwa asilimia kama 76. Mtu mrefu anayefunga mitupo huru vizuri ana mkono unaofundishika, kwa hiyo huenda siku moja akarusha kutoka mbali. Kwa senta wa leo hilo lina thamani.

Sasa kasoro, maana tusimpambe. Aprili 5, 2025, kwenye nusu fainali ya vyuo, Duke waliongoza kwa pointi 14 zikiwa zimebaki dakika kama nane, wakafungwa na Houston 70 kwa 67. Katika mchezo huo Maluach, mrefu kuliko wote uwanjani, hakupata ribaundi hata moja. Houston walimsukuma kwa miguu na viuno hadi akawa anaruka mahali ambapo mpira haupo. NBA imejaa watu wa namna hiyo, tena wenye miaka 30 na mikono mizito. Nguvu za mwili na kusoma mpira unaangukia wapi ndiyo kazi yake ya miaka miwili ijayo.

Timu aliyoangukia pia inahitaji maelezo. Haki yake ilikwenda Phoenix kama sehemu ya biashara iliyompeleka Kevin Durant Houston. (Durant huyohuyo aliwahi kuvaa jezi moja na Thabeet kule Oklahoma City. Dunia ya kikapu ni ndogo.) Usiku uleule wa drafti Phoenix walimchukua pia Mark Williams kutoka Charlotte, senta mwingine aliyepitia Duke. Mtu anaweza kusema hadithi ya Gasol inajirudia. Sioni hivyo. Williams ni mzuri, ila majeraha yamemsumbua sana. Februari 2025 Lakers walikuwa wamemnunua, wakaivunja biashara baada ya vipimo vya afya. Phoenix nao msimu wa 2024/25 hawakufika hatua ya mtoano, na mwaka 2025 wakapata kocha mpya, Jordan Ott. Timu inayojijenga upya ina uvumilivu ambao timu inayotafuta ubingwa haina.

Na namba 10 si namba 2. Mshahara ni kama dola milioni 6 kwa mwaka wa kwanza, ila hakuna atakayemdai awe nyota kufikia Krismasi. Makadirio yangu: miaka miwili ya kwanza atacheza kidogo, atakwenda na kurudi ligi ndogo, na watu watapiga simu hapa studio kusema "tulisema". Nadhani baada ya hapo atakuwa senta wa kuaminika kwa miaka mingi. Kuwa nyota kama Luol Deng, aliyetoka Duke hiyohiyo baada ya mwaka mmoja, akachaguliwa wa saba mwaka 2004 na kucheza misimu 15, hilo siliweki mezani bado.

Kuna jambo jingine lililomkuta siku ileile ya nusu fainali, na halikuhusu mpira. Serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini, kwa madai kwamba nchi hiyo ilikataa kuwapokea raia wake waliorudishwa. Kijana wa miaka 18 aliingia kwenye mchezo mkubwa wa maisha yake bila uhakika kama angeruhusiwa kuendelea kuishi nchini humo. Juni mwaka huohuo majirani zetu wa Burundi nao waliwekewa vikwazo, viza za wanafunzi zikiwamo. Njia ya chuo hadi NBA hupita kwanza kwenye dirisha la ubalozi, na dirisha hilo hufungwa kwa sababu ambazo mchezaji hana habari nazo.

Huku kwetu je?

Ukizunguka shule za wilaya ya Kilosa utakuta magoli ya mpira wa miguu kila mahali, nguzo za mpira wa pete karibu kila mahali, na ubao wa kikapu ni wa kuulizia. Kikapu kimo kwenye UMISSETA, lakini timu nyingi huundwa wiki chache kabla ya mashindano, na kijana anachaguliwa kwa sababu ni mrefu. Yakiisha, mpira unarudi stoo. Maluach alianza katika umri wa mwanafunzi wetu wa kidato cha kwanza, na kuanzia hapo hakuachwa. Wa kwetu anagunduliwa kidato cha tatu na kusahaulika kidato cha nne.

Kwa mzazi mwenye kijana wa namna hiyo, mambo ya kufuatilia ni ya kawaida kabisa. Ili acheze chuo cha daraja la kwanza Marekani lazima apitishwe na kituo cha chama cha michezo cha vyuo, NCAA, kinachokagua matokeo ya masomo 16 ya msingi ya sekondari, pamoja na Kiingereza na hesabu. Akifeli hapo urefu haumsaidii. Na chuo kinachotoa ufadhili hakimtumi mtu kuja mlangoni kudai pesa ya kushikilia nafasi. Akija, muulize jina la kocha na la chuo, kisha piga simu chuoni kwenyewe kabla hujauza ng'ombe au shamba la miwa.

Kuhusu Maluach, mkataba wa vijana wa raundi ya kwanza una uhakika wa miaka miwili, na miaka inayofuata ni hiari ya timu. Phoenix wana hadi mwisho wa Oktoba 2026 kuamua kama wanamtaka kwa mwaka wa tatu. Kabla ya hapo tazama dakika anazopewa, faulo anazofanya na ribaundi anazopata akiwa amesukumwa. Michezo yao ya nyumbani inayoanza saa 1 usiku kule Phoenix, kwetu ni saa 11 alfajiri.