Mama wa Mtoto Huyu ni Nani?

Ndugu askari, wengi wetu tumekua na fikra ya zamani kwamba baba huaminiwa kwa neno, lakini mama huonekana kwa macho. Kwa hiyo tusikiapo habari za kipimo cha vinasaba, yaani DNA, humfikiria mara moja mwanamume mwenye shaka nyumbani mwake. Sisi tunaolinda mpaka wa Busia na ule wa Malaba, wilayani Tororo, hatuna budi kuiacha fikra hiyo.

Tutazame yaliyotokea Kakamega, magharibi mwa Kenya, si mbali na hapa petu. Mwaka 2019 wasichana wawili waliolelewa na familia tofauti walionekana wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Vipimo vilithibitisha kwamba ni pacha wa tumbo moja, na kwamba msichana wa tatu, aliyelelewa kama pacha wa mmoja wao, ni mwana wa yule mama mwingine. Walibadilishana mikono walipozaliwa mwaka 1999. Katika muda wote huo hakuna mama aliyeiba wala kusema uongo. Kila mmoja angeapa mbele ya hakimu kwa moyo safi, na bado angekosea.

Hila nazo zipo. Mwaka 2004 Uingereza iligutushwa na habari za "watoto wa miujiza": wanawake walisafiri hadi Nairobi, wakarejea na watoto wachanga wakidai wamewazaa. Vinasaba vilikana.

Sasa turudi penye kizuizi chetu. Mama amesimamishwa usiku, mtoto mgongoni, cheti hana. Alijifungua ng'ambo kwa mkunga wa kijijini. Wasamia na Wateso wana jamaa pande zote mbili, na huenda mtoto akajibu kwa lugha isiyo ya mamaye kwa sababu amelelewa na bibi. Askari mwenye haraka huona mwizi wa watoto. Pengine ni kweli. Pengine amemnyang'anya mtoto mzazi wake, na pamoja na mzazi, uraia. Maana tangu Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 mama Mkenya humrithisha mwanawe uraia hata akizaliwa nje ya nchi, jambo ambalo hapo kabla hakuliweza.

Kwa maoni yetu, kwanza aulizwe mkunga, bibi na mwenyekiti wa kijiji. Shaka ikibaki, shauri lipelekwe polisi na mahakamani, na sampuli, ambayo ni pamba tu iliyopanguswa ndani ya shavu, ichukuliwe na mwenye ujuzi, ifungwe kwa lakiri na kupelekwa maabara ya Serikali, Wandegeya, Kampala. Kizuizini si mahali pake.

Na maabara nayo si Mungu. Huko Marekani, mnamo mwaka 2002, mama mmoja wa jimbo la Washington aliambiwa kwamba watoto wake si wake. Mahakama ikaamuru awepo shahidi alipojifungua mwingine. Naye alipopimwa, akaonekana si wake! Baadaye iligunduliwa kwamba mwili wa mama huyo ulibeba vinasaba vya aina mbili, kana kwamba pacha wawili waliungana tumboni wakawa mtu mmoja.

Majibu huchukua siku nyingi. Wakati huo mama asitupwe mahabusu kama mhalifu. Apewe kiti na maji, na mtoto asiondolewe machoni pake mpaka afisa wa ustawi wa jamii afike.