Si Freddy Aliyetuharibu, ni Kimya Chetu



Katika mkutano wa wazazi wa jumuiya yetu, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema vijana wetu wa hapa Uingereza wanaharibika kwa sababu ya filamu za kutisha. Alizungumzia visu, damu, na wauaji waliovaa vinyago. Alipomtaja yule mtu wa uso ulioungua mwenye kucha za chuma, ukumbi mzima uliguna. Sisi tuliokaa nyuma tulitazamana tukacheka chini kwa chini, kwani mtu yule tumekua naye. Lakini tulipofika nyumbani kicheko kilitutoka. Mzee wetu ana haki ya kuwahofia watoto. Alichokosea ni kumshitaki asiyehusika.

Sisi ni wale tuliokuwa watoto Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Mikanda ya video ililetwa na jamaa kutoka Dubai na Maskati, imenakiliwa na kunakiliwa tena mpaka picha inatetemeka na sauti inakoroma. Mwenye deki ndiye aliyekuwa mfalme wa mtaa. Tulijazana sebuleni, wakubwa kwenye viti, wadogo mkekani, madirisha yamejaa waliokosa nafasi. Kiingereza tulikuwa hatukijui, kwa hiyo kaka mmoja alitufasiria, na pale alipokuwa haelewi alitunga. Hapo ndipo tulipomjua Freddy Krueger wa A Nightmare on Elm Street: kofia yake, sweta yake ya mistari myekundu na ya kijani, na ile glovu yenye visu. Huwaua vijana ndani ya ndoto, na anayeuawa ndotoni haamki tena. Usiku ule hakuna aliyethubutu kwenda chooni peke yake.

Hivi karibuni tulikaa tukazirudia filamu hizo zote tisa, kuanzia ya kwanza ya mwaka 1984 hadi ile iliyotengenezwa upya mwaka 2010. Tuseme kweli: nyingi ni takataka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 Freddy alikuwa amekwisha kuwa mchekeshaji, kila anapoua anatia mzaha. Muuaji wa watoto alifanywa mwanasesere wa kuuzwa madukani. Hata Kincaid, yule kijana mweusi tuliyemshangilia kwa kuwa alinusurika katika Dream Warriors ya 1987, walimrudisha mwaka uliofuata ili wamuue mwanzoni kabisa. Kwa hayo, mzee wetu akiwaita watengenezaji wachuuzi wa damu, hatutambishia.

Lakini ile ya kwanza, aliyoiandika na kuiongoza Wes Craven, ni jambo jingine. Tulipoiona tukiwa watoto kulikuwa na sehemu ambayo kaka yetu aliisogeza mbele kwa sababu haina damu, ni watu wawili tu wanaongea. Safari hii tuliiangalia bila kuisogeza, na tuliona kwamba filamu nzima iko hapo.

Mama anamchukua binti yake, Nancy, hadi chumba cha chini cha nyumba. Anamweleza kwamba Krueger aliwaua watoto wa mtaa wao wasiopungua 20. Alikamatwa, lakini mahakama ikamwachia kwa sababu hati ya upekuzi haikutiwa saini panapostahili. Wazazi walikusanyika, wakamfuata kule alikojificha, wakammwagia petroli na kumchoma moto. Kisha wakarudi majumbani mwao na kunyamaza. Mama anafungua tanuri na kutoa ile glovu yenye visu, ambayo miaka yote hiyo alikuwa ameificha chini ya nyumba anamolala mtoto wake.

Zingatieni, ndugu zetu, wazazi hawa wanafanya nini watoto wanapoanza kufa mmoja mmoja. Baba ni afisa wa polisi, anamwambia binti yake akalale. Mama anaweka nondo madirishani, anafunga mlango kwa ufunguo, kisha anakaa na chupa ya pombe. Wanajua jina la muuaji tangu siku ya kwanza, lakini wako radhi mtoto aonekane mwendawazimu kuliko wao kutamka walilolifanya. Mpaka mama anapofumbua kinywa, marafiki wawili wa Nancy wamekwisha kufa, na wa tatu anafuata usiku uleule. Waliouawa na visu ni watoto, lakini aliyeviweka visu vile chini ya nyumba ni mama.

Na kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatukulijua. Craven alieleza mara nyingi kwamba wazo la filamu hii alilipata katika gazeti la Los Angeles Times. Magazeti ya miaka ile yaliandika habari za wakimbizi wa Kusini Mashariki mwa Asia, wengi wao Wahmong kutoka Laos, waliohamia Marekani baada ya vita vilivyomalizika mwaka 1975. Vijana wa kiume wenye afya njema walilala na hawakuamka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 vifo vya namna hiyo vilikuwa vimepita 100. Baadaye madaktari walivihusisha vingi vya vifo hivyo na hitilafu katika mapigo ya moyo. Wahmong wenyewe walimtaja pepo anayemkalia mtu kifuani usingizini. Sisi hatuhitaji kamusi kumwelewa pepo huyo, maana kwetu anaitwa jinamizi. Craven alisimulia habari ya kijana mmoja aliyekataa kulala siku nyingi, akavificha vidonge vya usingizi alivyopewa na jamaa zake, na chumbani mwake akaficha chombo cha kuchemshia kahawa. Ndiyo ile kahawa ambayo Nancy anaificha chini ya kitanda.

Kwa hiyo filamu iliyotutisha ilizaliwa katika misiba ya wakimbizi. Hollywood ilichukua kilio chao, ikakipeleka katika kitongoji cha Wazungu wenye nafasi, na katika wale vijana wanne wa mbele hakuna hata mmoja mwenye sura ya Kihmong. Filamu iliyogharimu dola zisizofika milioni 2 ikaingiza zaidi ya dola milioni 25 Marekani peke yake. Tuna haki ya kulalamika kwamba waliofiwa walisahauliwa. Lakini kabla hatujalalamika, tujiulize: sisi wahamiaji wa leo tumewakumbuka wa kwetu?

Hapa ndipo tunapotaka kugombana nanyi. Katika nyumba zetu, kila mmoja ana glovu yake ndani ya tanuri. Kuna nyumba ambazo babu hakuonekana tena baada ya Januari 1964, na picha yake haipo ukutani. Kuna nyumba ambazo babu ndiye aliyeshika panga mwaka ule ule, na picha yake ipo ukutani na hakuna anayeuliza. Wapo waliofanyiwa na wapo waliofanya, na leo watoto wao wanakaa meza moja katika harusi zetu, wanakula biriani, wasijue. Kuna waliovuka bahari kutoka Pemba hadi Shimoni, Kenya, baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji Januari 2001. Zaidi ya watu 2,000 walikimbilia huko. Miongoni mwao wapo waliofika hadi hapa Uingereza, na watoto wao wanajua tu kwamba baba hapendi kelele za fataki.

Kijana mmoja wa jumuiya yetu alipewa kazi shuleni aandike kwa nini familia yake ilihama. Alimwuliza mama, akaambiwa amuulize baba. Alimwuliza baba, akaambiwa hayo mambo ya zamani, soma kwanza. Aliandika kwamba walihama kwa ajili ya hali ya hewa. Walimu walicheka. Yeye hakucheka, na tangu siku hiyo hajauliza tena. Je, hilo nalo alilifanya Freddy?

Tunajua jibu litakalotoka, na tulijibu kabla halijaja. Mtatuambia kimya ni dawa, jeraha likichokonolewa haliponi. Mtapata hata ushahidi katika filamu hizi hizi. Katika Freddy vs. Jason ya mwaka 2003, wakubwa wa mji wamelifuta jina la Krueger kila mahali, na kweli amekosa nguvu, kwa kuwa hakuna anayemkumbuka. Sawa. Lakini angalieni gharama yake: watoto waliomwota wamefungiwa hospitali, wanapewa dawa ya kuwazuia wasiote, na wenzao wanaambiwa uongo. Na mwisho wake? Anarudi, na anawakuta watoto wasiojua hata jina lake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga.

Kwetu tulikuwa na hekima nyingine. Wanaokumbuka mwaka 1995, Popobawa alipotia hofu Pemba na Unguja, wanakumbuka watu walivyotoka majumbani wakalala nje pamoja, moto umewashwa, wakiongea hadi alfajiri. Na ilisemwa kwamba aliyeshambuliwa ni lazima awaambie wenzake, akificha atarudiwa. Anayeamini na aamini, asiyeamini na aache. Lakini dawa yenyewe ilikuwa moto, wenzako, na kusema.

Basi hatuombi watoto wadogo waoneshwe filamu hizi. Hapa Uingereza ile ya kwanza iliwekewa alama ya miaka 18, na alama hiyo iheshimiwe, ingawa sisi wenyewe hakuna aliyetuuliza umri. Tunachowataka wazee wetu ni kigumu zaidi kuliko kuzima televisheni. Mketishe kijana wako aliyekwisha kuwa mtu mzima. Mwambie babu yake alikuwa nani, alifanya nini au alifanyiwa nini, na usiku mliohama mlibeba nini. Ukilia, lia mbele yake. Ukiwa na la kuona haya, lione haya mbele yake. Mficha maradhi kilio humfichua, na sisi hatutaki kilio hicho kiwe juu ya watoto.

Na sisi tuliocheka nyuma ya ukumbi hatuna udhuru. Watoto wetu nao wameanza kuuliza, na mara ngapi tumewajibu kwa mzaha? Tumeanza na lililo jepesi. Tumewasimulia deki, mkeka, na kaka aliyetufasiria. Walicheka sana. Kisha mmoja akauliza yule kaka yuko wapi sasa, na kwa nini hatujawahi kumtaja.

Safari hii hatukusogeza mbele. Tulimjibu.