Tingatinga Si Trekta Pekee

Litaje neno “tingatinga” hapa Dundori na mkulima wa viazi atafikiria trekta. Litaje Dar es Salaam, nalo litaleta picha ya chui mwenye madoa na ndege wa rangi kali. Maana hiyo ya pili imetokana na jina la mtu: Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania.

Mnamo 1968, Tingatinga alianza kuchora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari. Hakuwa na shahada ya sanaa wala turubai ya bei ghali. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu ya kazi! Hata hivyo, jamaa aliowafundisha waliendeleza mtindo wake, na kufikia 1990 warithi wa sanaa hiyo walikuwa na chama chao cha ushirika. Mwaka 2010 mtindo huohuo ulizaa vibonzo vya televisheni vya watoto vilivyotengenezwa Nairobi. Nomino ya pekee imegeuka nomino ya kawaida. Sisi wanaisimu twajua kwamba heshima hiyo hawaipati wengi.

Wako wanaodai kwamba hii ni bidhaa ya watalii, nakala juu ya nakala. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, lakini inasahau kwamba hata lugha huishi kwa kurudiwa, kila msemaji akitia chake. Kosa ni kurudia bila kutia chochote.

Na hapo ndipo linapotuhusu sisi walimu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2017, umeipa sanaa nafasi darasani. Je, tutaijaza nafasi hiyo kwa kuwaamuru watoto wanakili mchoro wa ubaoni, au tutaliacha somo tukisingizia uhaba wa vifaa? Tingatinga alichukua kilichokuwepo. Mtoto wa Dundori ana makaa, udongo na maboksi. Ana kabeji, ng’ombe na ukungu wa asubuhi wa kuchora.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Tuwatajie wanafunzi wetu jina la msanii huyu pamoja na majina ya wasanii wa Ulaya. Kisha tuwaachie rangi mikononi, wachore wanachokiona wao.